Barua Zangu za Jumapili

Jumapili, 5 Oktoba 1958

Leo sina barua ya kuandika na mkono unaniwasha. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumapili baada ya chakula, nimeketi kwenye meza hii, Mama akisinzia kando ya moto, nikamwandikia mdogo wangu Clifford habari za Mtaa wa Alma: nani kagombana na nani, nani kafa, nani kanunua televisheni ili awaringie jirani. Nilianza alipokuwa jeshini, nikaendelea alipokuwa chuo kikuu, na tangu ahamie London sijaruka hata wiki moja. Jana imekuja kadi. Nisiandike, anakuja mwenyewe Jumamosi. Wachapishaji wamekikubali kitabu chake.

Mama ameisoma kadi hiyo mara nne, kisha akaiegemeza kwenye saa, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Mimi nimenunua daftari hili posta. Kuna watu wakiacha sigara hutafuna kalamu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ukungu. Kiwandani ni siku tatu tu wiki hii, oda zimepungua. Mama amesugua kizingiti kwa jiwe na kesho atakisugua tena, utafikiri anayekuja ni askofu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja na koti jipya na nywele zinazogusa kola. Akapiga hodi mlango wa mbele, mlango ambao kwetu hufunguliwa jeneza linapotoka. Mama alihangaika na kitasa mpaka jasho likamtoka. Ilibidi nitoke kwa mlango wa nyuma, nizunguke, nimlete ndani kama mgeni.

Mama alipika pai ya viazi na nyama. Clifford akaila yote, akasema ilikuwa nzuri sana, kwa ile sauti yake ya siku hizi, sauti ya watu wa redio. Zamani asingesema lolote, angesukuma sahani aongezewe.

Baada ya chai akatoa karatasi nne kwenye mkoba. Nilidhani ni picha za jalada. Akanieleza kwamba wakili wa wachapishaji ni mtu mwoga, anaona mashtaka kila kona, na kitabu hiki kinahusu mtaa unaofanana na wetu. Kwa hiyo kila mtu anayeweza kudhani kajiona humo anatakiwa atie saini kwamba ameelezwa yaliyomo na hana malalamiko. Moja ya Mama, moja yangu, moja ya jirani yetu wa nyumba ya pili, Nellie Pilling, ambaye tangu utoto tunamwita Shangazi, na moja ya binti yake, Irene.

Mama akatia saini kabla wino haujafika kwenye ncha ya kalamu. Mimi nikamwambia nataka kukisoma kwanza.

"Ipo nakala moja tu, dada, na iko kwa wapiga chapa," akasema. "Ni hadithi. Watu wa kubuni, mtaa wa kubuni. Hizi karatasi ni desturi za mawakili tu."

"Basi kina Pilling wapelekee mwenyewe."

"Nikienda mimi wataniwekea vikombe vya wageni. Wewe wanakuamini."

Nikatia saini. Nilijisikia mtu muhimu kuambiwa naaminiwa, na huo ndio ukweli. Mimi nina miaka thelathini na minne, Clifford thelathini. Na mimi niliufaulu ule mtihani wa kwenda shule ya juu, miaka minne kabla yake. Baba alikuwa na uwezo wa sare moja tu, akasema ya nini kumnunulia msichana ambaye ataolewa. Sijaolewa. Niko kwenye mashine za kufuma tangu nina miaka kumi na minne.

Jumapili, 12 Oktoba

Clifford kaondoka na treni ya asubuhi, nami nimezipeleka karatasi.

Kina Pilling walikuwa wote nyumbani. Shangazi Nellie kwenye kiti chake, kifua kinambana tangu ukungu uanze. Irene anashona. Beryl, mdogo wake, ana miaka kumi na saba na ndiyo kwanza kaajiriwa maktaba ya mji, alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya kazini. Niliposema ni habari za kitabu cha Clifford, Beryl akaiacha pasi. Akasema atamwomba msimamizi wake kiwekwe dirishani, na yeye ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza mjini kukisoma.

Shangazi Nellie hakuitafuta hata miwani. "Huyu nimemfuta makamasi," akasema, akatia saini.

Irene akaishika karatasi yake kwa muda. Irene na mimi tumekua pamoja, tumeanza kazi siku moja, mashine zake nne ziko mbele ya zangu nne. Akaniuliza, "Umekisoma wewe, shoga?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini. La, najua. Niliona aibu. Miaka kumi na moja ya barua, halafu niseme mbele ya watu kwamba mdogo wangu hakunionyesha kitabu chake? Mtaa huu mtu anaweza kukiri kwamba hana makaa ya mawe, lakini hakiri kwamba wa kwao wamemdharau.

"Kuna ubaya?" akauliza.

"Hakuna. Ni mambo ya mtaa tu."

Akatia saini juu ya meza ya cherehani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua. Mama anakohoa. Mnyapara mpya anatembea kati ya mashine akiwa na saa mkononi.

Jumapili, 9 Novemba

Clifford kaniandikia mistari minane. Anauliza wanawake wetu hufunga vipi kitambaa cha kichwa wanapokwenda kiwandani, kwa mbele au kwa nyuma. Nimemjibu kurasa sita.

Jumapili, 23 Novemba

Kitabu kimefika jana, nakala ya mwanzo yenye jalada la karatasi tupu. Nimekisoma jana na leo, na nimemdanganya Mama kwamba kichwa kinaniuma ili nisiende kanisani.

Niandike kwa utaratibu. Kwanza nilifurahi. Ukurasa wa tatu nilikutana na mzee anayemsalimia farasi wa mwuza maziwa kabla ya kumsalimia mwuza maziwa, na hilo nililiandika mimi, kwa maneno hayohayo. Ukurasa wa kumi, ugomvi wa kamba za kuanikia nguo, maneno yangu. Mazishi ya Baba, namna viatu vyake vilivyokaa mlangoni siku tatu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kuviondoa. Clifford hakuwepo siku hizo tatu, alikuwa jeshini. Maneno yangu yote, yamepangwa kwa chapa safi, na yalikuwa mazuri. Moyo ulinipanda. Nikajiona hatimaye nimekwenda ile shule.

Halafu nikafika ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Kiwandani kwetu kuna mashine mia nne katika ukumbi mmoja na huwezi kusikia hata kikohozi chako mwenyewe. Kwa hiyo sote tunasema kwa midomo, bila sauti, na kusomana kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Jumanne moja miaka mitatu iliyopita, baada ya maandamano ya Pentekoste ambayo Beryl alitembea na gauni jeupe akishika utepe wa bendera, Irene alinigeukia juu ya mashine zake akaniambia: Mwanangu alipendeza juzi. Hakusema mdogo wangu. Aliona nimeona. Basi akanieleza yote, bila sauti, huku mikono ikiendelea na uzi: kwamba alikuwa na miaka kumi na saba, kwamba mama yake alikwenda naye kwa ndugu zao pwani kwa miezi mitano, na waliporudi mtoto alikuwa wa Shangazi Nellie, mtoto wa uzeeni. Akanitajia na baba wa mtoto. Alisema hajawahi kulitamka neno hilo, mwanangu, kwa sauti ya kusikika tangu siku ile. Halafu uzi ukakatika, akainama kuunganisha.

Jumapili iliyofuata nilimwandikia Clifford. Nakumbuka hata nilivyojisikia nikiandika. Nilijisikia nina kitu kizuri cha kumpa.

Yote yamo kitabuni. Majina ni mengine, na yule msichana ana miaka kumi na miwili, lakini gauni jeupe ni lile, na utepe, na miezi mitano ya pwani, na mashine nne zinazotazamana na nne. Hata uzi uliokatika. Jina la baba sikumwandikia Clifford, sijui niliona haya au niliogopa, kwa hiyo yeye kamtungia baba: rubani wa Kipolandi aliyeanguka vitani. Hapa kwetu wazee wa mtaa walishuku tangu zamani na wakafunga midomo. Mtu mmoja tu hajui, na huyo anafanya kazi maktaba na anakisubiri kitabu hiki kuliko wote.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwandikia Clifford. Aufute ukurasa wa mia na kumi na mbili mpaka wa mia na kumi na tisa. Nimesema tafadhali mara tatu na sijamwambia habari yoyote ya mtaa.

Jumamosi, 29 Novemba

Jibu, limepigwa kwa taipureta. Haiwezekani, chapa imeshapangwa na kugusa kurasa nane ni kuvunja kitabu kizima. Isitoshe karatasi zimetiwa saini. Isitoshe wote waliokisoma London wanasema sura hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Mwishoni kaandika kwa kalamu: "Ni wewe uliyeiandika, dada. Mimi nimeipanga tu. Unapaswa kujivunia."

Kitabu kinatoka tarehe kumi na tisa Januari. Maana yake nina wiki saba za kumwambia Irene, naye Irene ana wiki saba za kumwambia Beryl kwa mdomo wake mwenyewe. Zinatosha. Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 1 Desemba

Sikumwambia. Shangazi Nellie kalazwa na kifua.

Alhamisi, 4 Desemba

Ukungu wa manjano. Basi zimesimama, tulitembea kurudi nyumbani tumeshikana mikono, mimi na Irene, kwa sababu hatukuona njia. Nafasi nzuri kuliko hiyo haipo. Alizungumza habari za dawa za mama yake njia nzima. Sikumwambia.

Jumapili, 14 Desemba

Shangazi Nellie karudi, amekonda kama ufito. Nikajiambia si haki kumtwisha Irene mzigo mwingine sasa. Naona nimekuwa hodari wa kutafuta haki za watu pale zinaponifaa.

Alhamisi, 25 Desemba

Kina Pilling wamekula kwetu Krismasi. Bata alikuwa mdogo, Mama akajifanya hapendi bata. Beryl kanipa zawadi ya kalamu nzuri ya wino kutoka mshahara wake wa pili. "Clifford hawezi kuwa peke yake mwenye akili nyumba hii," akasema. Nikaenda jikoni nikajitia kuosha sahani.

Irene alinifuata. Akaniuliza nina nini, tangu mwezi uliopita nina uso wa mtu aliyemeza kijiko. Nikafungua mdomo. Mama akaingia kuchukua sukari.

Ijumaa, 2 Januari 1959

Theluji, kisha mvua juu ya theluji, kisha tope. Sikumwambia.

Jumatano, 14 Januari

Leo jioni Beryl kaniita juu ya ukuta wa ua. Vitabu vimefika maktaba, nakala tatu, kabla ya siku yake. Msimamizi anavitia jalada gumu na kesho saa nne Beryl anapewa ya kwanza, kasaini daftari la kusubiria tangu Oktoba. Alikuwa anarukaruka pale kwenye baridi bila koti.

Alhamisi, 15 Januari

Nilimwambia saa tatu asubuhi.

Sikuthubutu njiani. Njiani kuna sauti. Nilingoja mpaka mashine zote zikawaka, nikamtazama mpaka akainua kichwa, nikamwambia kwa midomo, polepole, ili nisilazimike kurudia. Kwamba yale aliyoniambia baada ya Pentekoste nilimwandikia Clifford. Kwamba yamo kitabuni. Kwamba Beryl atakipata kitabu leo saa nne. Kwamba nilikuwa najua tangu Novemba.

Alinisoma mpaka mwisho. Kisha akafanya kitu ambacho sijamwona akikifanya kwa miaka ishirini, akazizima mashine zake, moja, mbili, tatu, nne. Mnyapara alikuwa tayari anakuja na saa yake. Irene akaniambia kwa midomo, "Ulisema umekisoma." Akatoka mlangoni bila koti, amevaa viatu vyake vya mbao, na kutoka kiwandani hadi maktaba ni mwendo wa nusu saa kama unakimbia na barafu haipo.

Leo barafu ilikuwepo. Mimi nikabaki. Nilisimamia mashine zangu nne na zake nne mpaka king'ora cha mchana, eti asipoteze siku. Hivyo ndivyo nilivyomsaidia.

Ijumaa, 16 Januari

Nimezipata habari kwa mama anayesafisha maktaba. Mtaa mzima umezipata kwake.

Msimamizi alimpa Beryl kitabu mapema, saa tatu, kwa kumfurahisha. Msichana anasoma upesi. Nadhani hakukisoma kutoka mwanzo. Alikuwa anafunua huku na huku akiwatafuta watu anaowajua, kama sote tunavyofanya, na akaliona gauni lake. Irene alipoingia, anahema, viatu vinalia kwenye sakafu ile ya mbao ambapo kukohoa tu ni kosa, Beryl alikuwa kwenye dawati lake amekifunga kitabu. Wakatazamana. Mama wa usafi anasema Irene alifungua mdomo mara mbili na hakuna kilichotoka. Beryl akachukua muhuri, akagonga tarehe kwenye karatasi ya nyuma, akamsukumia kitabu kama anavyomsukumia msomaji yeyote.

"Kirudishwe baada ya wiki mbili," akamwambia. Akaingia chumba cha nyuma.

Jumatatu, 19 Januari

Kitabu kimetoka. Gazeti moja la London linasema mwandishi ana sikio la ajabu kwa usemi wa wanawake wa viwandani. Mama amelikata na kuliweka juu ya saa.

Irene karudi kazini. Wamembadilishia mashine, kaomba mwenyewe, yuko upande wa pili wa ukumbi. Mimi bado ninamwona. Leo nilipomtazama alikuwa anazungumza na wenzake watatu, na mmoja wao alipogundua macho yangu, wote wanne wakaweka viganja mbele ya midomo yao. Katika ukumbi ule hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kabla ya leo nilikuwa nimeona wakimfanyia mnyapara tu.

Ijumaa, 23 Januari

Viganja.

Jumatano, 28 Januari

Viganja. Beryl kaacha kazi maktaba. Kapata chumba Manchester, na kazi ya duka la nguo. Shangazi Nellie hali chakula. Nilipeleka supu, Irene akaipokea mlangoni, akanirudishia bakuli papo hapo baada ya kuimwaga kwenye mfereji wa ua.

Jumamosi, 31 Januari

Leo Clifford alikuja kuzungumza maktaba. Nilikwenda kwa sababu Mama alitaka mtu wa kumshika mkono kwenye barafu, na, nitasema tu, nilikwenda nione watu wakimtemea mate.

Walijaa mpaka ngazini. Wale wanawake watatu wa viganja walikuwa mstari wa pili, na kofia zao za harusi. Meya alikuja. Clifford akasoma ukurasa wa kwanza, wakacheka mahali pa kucheka, kisha wakapanga foleni kumpa mkono. "Umetuweka kwenye ramani, mwanangu," mmoja akamwambia. Mwingine akamwuliza kama yule mwanamke wa kamba za nguo ni yeye, na alipoambiwa ni mtu wa kubuni alikosa raha kabisa. Hakuna aliyemwuliza habari za ukurasa wa mia na kumi na mbili. Kwa hesabu yao yeye ni mtu mkubwa, alikuwa London, angejuaje yatakavyofika? Aliyewauza ni mimi niliyekuwa naishi nao. Nilipopita walinipisha, kwa upana mkubwa kuliko nilivyohitaji.

Nyumbani nikamkabili Clifford. Mama alikuwa amekwenda kuvua kofia. Nikamwambia Beryl kaondoka. Kwa dakika moja nikamwona yule Clifford wangu wa zamani aliyekuwa anakuja kitandani kwangu radi zikipiga. Akasema amesikitika sana. Kisha akauliza, "Aliondokaje? Alisema nini?"

Aliuliza kwa upole, ameegemea mbele, mikono katikati ya magoti. Niliyajua maswali yale. Yamo katika kila barua aliyonijibu kwa miaka kumi na moja, na kila mara niliyaona mapenzi. Nikainuka nikaosha vikombe. Mama aliporudi akaniambia nimenuna, na kwamba wivu kwa mdogo wako uliyemlea ni kitu kibaya.

Jumapili, 8 Februari

Mama kaenda kanisani peke yake. Mimi nimekaa hapa mezani. Mvua.

Jumamosi, 14 Februari

Barua ya Clifford. Kuna watu wa televisheni wanataka tamthilia kutokana na kitabu, na wachapishaji wanataka kitabu cha pili. Anauliza mbona siandiki. Anasema barua zangu anazikosa kuliko chakula cha Mama. Kurasa mbili nzima za mapenzi, na mwishoni: je, msichana ana hali gani, na je, nimepata kumwona Irene akizungumza naye?

Nimeichoma. Kisha nikakaa saa nzima nikitunga jibu kichwani, kwa sentensi nzuri, moja baada ya nyingine, kwa namna ambayo angezipenda. Hilo linaniogofya kuliko viganja.

Jumapili, 22 Februari

Beryl alikuja leo saa tano, Mama akiwa kanisani. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi kama alivyozoea tangu hajui kutembea. Kakata nywele. Alikuwa na sanduku, kaja kuchukua nguo zake zilizobaki, na nyumba ya pili nilisikia Shangazi Nellie analia na hakuna mtu anayemnyamazisha.

Nilimvutia kiti, hakukaa. Nilianza kumwomba radhi, akaniambia kwamba radhi sio aliyoifuata.

"Nimekwenda klabu ya Wapolandi," akasema. "Jumapili mbili. Wana klabu yao kule Manchester, nyuma ya kanisa lao. Nimekaa nao, wamenipa supu ya kiazi chekundu. Nimewauliza habari za rubani aliyekuwa huku mwaka arobaini na moja. Kuna mzee anawaandikia wenzake barua kunitafutia."

Nikaona mikono yake. Vidole vina mikwaruzo ya sindano za duka. Ningeweza kunyamaza, na angeendelea kukaa kwenye klabu ile kila Jumapili akila supu ya watu, akingoja jibu la barua kuhusu mtu ambaye Clifford alimtunga mezani kwake.

"Beryl, huyo Mpolandi hayupo," nikamwambia. "Clifford alimtia mwenyewe. Mimi sikumwandikia hilo."

Alisimama kama aliyepigwa kofi. Baadaye akauliza, polepole, kwa sababu ni msichana mwenye akili, "Hukumwandikia kwa sababu hukujua? Au ulijua?"

Sikujibu upesi, na kutojibu upesi kukawa jibu.

Ninalijua jina. Mtu huyo yuko hai, yuko mjini humu, ana mke na watoto, na Mama humpa mkono kila Jumapili. Hapa pia siliandiki. Ni kitu pekee cha Irene ambacho sijakigawa, na nimejiapia kwamba hiki atakigawa mwenyewe akitaka.

"Niambie," Beryl akasema.

"Siwezi, mwanangu. Si langu la kusema."

Akanitazama. Hakupandisha sauti hata kidogo, alizungumza kama yuko bado nyuma ya lile dawati la maktaba. "Kumwambia mdogo wako uliweza."

Nilisema neno pekee lililonijia, neno ambalo mtu yeyote mtaani hapa angemwambia binti wa jirani, nimelisema mara elfu kuhusu sukari na pini na ruhusa ya kwenda sinema.

"Muulize mama yako."

Akaliokota sanduku lake.

"Yupi?" akaniuliza.